MOYO WA SHULE YA KUTWA

Wengi hudhani kwamba moyo wa shule unapatikana bwenini tu. Husema ati sisi wa kutwa ni wapita njia: kengele ya saa kumi ikilia, kila mtu anashika njia ya kwao na shule inabaki na bawabu. Katika makala haya ningependa kueleza jinsi moyo huo unavyojengwa katika shule kama yetu, na kwa nini mwaka huu wa 2026 unahitaji kuangaliwa sana.

Kwanza kabisa, moyo wa shule si kelele za uwanjani pekee. Ni ile hali ya mwanafunzi kuliona jambo la shule kuwa ni lake mwenyewe. Ukiona mtu ameokota karatasi ambayo hakuitupa yeye, na hakuna mwalimu karibu, basi jua unao.

Pili, sisi wa kutwa tuna saa chache za kuwa pamoja, kwa hivyo mambo madogo hufanya kazi kubwa. Gwarideni, bendera ikipandishwa na wimbo wa taifa ukiimbwa, ndipo shule nzima husimama mahali pamoja. Njiani nako kuna shule nyingine. Wanaokaa upande mmoja hungojana langoni, wakubwa kwa wadogo, wakaulizana maswali ya Hesabu mpaka njia panda. Si mnajua wenyewe, kuna hesabu zilizoeleweka barabarani baada ya kushindikana ubaoni!

Tatu ni chakula cha mchana. Tangu mwaka wa 2008 serikali hulipia masomo katika shule za kutwa, lakini chakula ni juu ya mzazi. Kuna siku jina la mtu halimo katika orodha ya jikoni. Darasani kwetu kuna desturi: sahani ya githeri inaongezwa kijiko cha pili, na hakuna anayeuliza kitu. Muhula uliopita nilihesabu vijiko vinne katika sahani moja, na mwenye sahani ndiye aliyekuwa akituchekesha ili mtu asione haya. Hakuna sheria ya shule iliyoandika jambo hilo.

Na hapo ndipo penye shida. Desturi isiyoandikwa hushuka kutoka kwa wakubwa hadi kwa wadogo. Neno kidato maana yake ni kile kikato cha kukanyagia mtu anapokwea mnazi. Mkwezi akikosa kidato kimoja, lazima anyooshe mguu zaidi. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985 unakwisha. Sisi wa Kidato cha Tatu tulifanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023. Mwaka wa 2025 hakuna aliyeingia Kidato cha Kwanza, na Januari hii wamekuja ndugu zetu wa Gredi ya 10. Kati yetu na wao hakuna darasa. Tukimaliza KCSE mwaka wa 2027, hapatakuwa na kidato tena nyuma yetu. Ile desturi ya kijiko cha pili, nani atawaonyesha?

Nasikia wengine wakisema, "Hao ni wa mfumo mwingine, waache wajipange." Jamani, mfumo ni wa vitabu na mitihani. Lango ni moja, jiko ni moja, na njia ya kwenda nyumbani ni ile ile.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu. Kila chama, kikiwemo hiki chetu cha Kiswahili, kiwape Gredi ya 10 kazi za uongozi sasa hivi. Kila mmoja wetu amngojee mmoja wao langoni jioni. Tena wakati wa mchana tuketi nao, tusijitenge chini ya mti wetu.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu ni huu. Tuwaachie wenzetu nao waukalie.