Joto, Unene na Utando: Kufundisha Athari za Hali ya Utengenezaji

Katika mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la sita, katika shule moja ya kata ya Kemambo, wilayani Tarime. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amepaka udongo juu ya vigae viwili vya chungu. Kimoja alikipaka tabaka nene akakianika juani. Cha pili alikipaka tabaka jembamba akakiweka kivulini. Cha kwanza kilipasuka, cha pili kikabaki kizima. Akaandika ubaoni kwamba jua hupasua udongo. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, huenda ni unene?” Akaambiwa aketi.

Mtoto yule aliuliza swali ambalo mtaalamu wa maabara hana budi kujiuliza kila siku. Chukua mfano wa tando nyembamba za oksidi ya zinki. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imechunguza tando za namna hii kwa miaka mingi, kwa ajili ya matumizi ya nishati ya jua. Oksidi ya zinki ni unga mweupe; lakini ikifanywa utando wenye unene wa sehemu moja tu ya elfu kumi ya milimita, hupitisha nuru kama kioo, na ikichanganywa na alumini kidogo hupitisha umeme vizuri pia.

Njia mojawapo ya kuutengeneza, isiyodai mashine za gharama kubwa, huitwa soli-jeli. Asetati ya zinki huyeyushwa katika alkoholi pamoja na monoetanolamini, ili myeyusho usifanye mashapo. Myeyusho hukorogwa kwa joto la nyuzi 60 hivi za Sentigredi, huachwa ukomae, kisha hudondoshwa juu ya kioo kinachozungushwa kwa kasi, mathalani mizunguko 3000 kwa dakika. Kioo hukaushwa kwa nyuzi zipatazo 300, hupakwa tena mara kadhaa, na mwishowe huokwa kwa nyuzi 400 hadi 600.

Kila hatua ina athari yake. Kasi ikizidi, utando huwa mwembamba zaidi. Ukikaushwa kwa joto dogo mno, mabaki ya alkoholi na asetati hunaswa ndani, na wakati wa kuoka hutoka kwa nguvu yakiacha vitundu. Ukipashwa joto kwa ghafula, ngozi ya juu hukauka ilhali chini bado kubichi. Utando hujikunja na kupasuka, kama udongo wetu. Katika kuoka, joto likiongezeka, fuwele ndogo huungana na kukua. Lakini likizidi sana kioo cha kawaida huanza kulainika. Mtaalamu akibadili kasi na joto kwa pamoja, hataweza kusema ni lipi lililoharibu utando wake.

Basi, darasani, tayarisha vigae vinne: chembamba juani, chembamba kivulini, kinene juani, kinene kivulini. Udongo uwe mmoja, maji kipimo kimoja, siku moja. Watoto watabiri kwanza, waandike utabiri wao, ndipo waangalie. Watume pia wakawaulize bibi zao kwa nini samadi ya ng’ombe huchanganywa katika udongo wa kukandikia nyumba, na kwa nini tabaka la pili husubiri la kwanza likauke. Majibu yao mara nyingi hushinda ya kitabu.

Hapa pana jambo la hatari. Kemambo ni nchi ya dhahabu, na watoto wengi wamekwisha kuona mchanganyiko wa dhahabu na zebaki ukichomwa. Mmoja wao atautaja kama mfano wa joto linalofukuza kitu kimoja na kuacha kingine. Mfano huo ni sahihi, mpokee. Ila zebaki isiingie darasani kamwe, hata tone. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, nao hudhuru ubongo, hasa wa watoto.

Mwalimu yule alirudia somo juma lililofuata kwa vigae vinne. Kinene cha kivulini kilipasuka pia, kwa nyufa chache. Chembamba cha juani hakikupasuka. Safari hii chaki alimpa mtoto aliyeuliza, naye akaandika matokeo ubaoni.