Tongoni, Nyangwe na Kabambare: pa kuwapeleka watoto likizo hii

Likizo kubwa imefika, na katika kila nyumba swali ni lile lile: watoto watashinda wakifanya nini? Wengi wetu tukisikia neno utalii tunafikiria masokwe wa Virunga au bahari ya Zanzibar, mambo ya watu wenye pesa ya ndege. Kumbe wataalamu wa mambo ya kale wametoka Ubelgiji na Lubumbashi kuja kuchimba udongo wa Kasongo, na watoto wanaokaa karibu hawajafika Tongoni hata mara moja.

Basi tuanze na Tongoni. Jina lenyewe linaeleza: tongo ni mahali palipokuwa na nyumba zamani, watu wakahama. Kasongo ya kwanza ilikuwa huko, mji wa leo ulikuja baadaye. Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, aliifanya kuwa makao yake katika miaka ya 1870, na alipoondoka kurudi Unguja mwanawe Sefu akabaki na madaraka. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Mfalme Leopold likauteka mji. Daktari mmoja Mwingereza wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika baadaye waliyoyakuta: bustani za machungwa, mapera, mananasi na makomamanga, mashamba makubwa ya mpunga, vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, hata vyandarua. Vyandarua, mwaka 1893! Sisi leo bado tunapanga mstari tukingoja kugawiwa.

Msiwaahidi watoto kuta na maghorofa, maana majengo ya udongo hayashindani na mvua za miaka mia na zaidi. Waonyesheni miembe. Penye safu ya miembe mikubwa ya zamani katika Maniema, mara nyingi palikuwa na makao ya waungwana au njia yao ya misafara. Mpunga tunaopika sikukuu ulisambaa kwa njia hiyo hiyo, na Kiswahili hiki tunachokiandika pia.

Ila mtoto mwenye akili atauliza: nani alikuwa akilima mashamba hayo yote, na pembe za ndovu zilibebwa na nani mpaka Ujiji? Hapo mama asikohoe na kubadili habari. Wengi walikuwa watumwa, waliochukuliwa katika vijiji vyetu hivi. Katika vikundi vyetu wamo wajukuu wa waungwana waliokuja na misafara, wamo wajukuu wa waliofungwa minyororo, na wengine ni wa pande zote mbili kwa baba na kwa mama. Ndiyo sababu nyumba nyingi hazisemi kitu. Sisi tunaona kunyamaza huko kumedumu mno, na mtoto akikosa habari kwetu atazipata kwa mtu mwenye nia ya kugombanisha koo.

Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, tungependa kila mama afike. Soko lake lilikuwa mikononi mwa wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi na vyungu, samaki, chumvi, kuku, mihogo na mafuta ya mawese. Mzungu David Livingstone, aliyekaa hapo tangu Machi 1871, alipenda sana kwenda kuwatazama wakipatana bei. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu kama 1500 walikuwa sokoni. Watu watatu wa mfanyabiashara Dugumbe wakaingia na bunduki. Mmoja wao alionekana akigombania bei ya kuku na kumnyang'anya mwenyewe. Kidogo tu, risasi zikaanza. Wanawake walikimbilia mitumbwi, ikajaa, ikakwama. Wengine wakajitupa mtoni na kuogelea, na maji yakawachukua. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Karatasi zilikuwa zimemwishia Livingstone, kwa hiyo aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa maji ya matunda. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliwachoma watu, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Huko Blankenberge, Ubelgiji, Lippens na De Bruyne, askari wawili waliouawa Kasongo mwaka 1892, wana mnara wao. Wauza kuku wa Nyangwe hakuna anayejua hata jina la mmoja. Tukifika mtoni na watoto, tusimame kidogo tuwaeleze kwamba waliokufa hapa walikuwa wamama wa soko kama sisi.

Kabambare yetu nayo imo katika vitabu, ingawa Livingstone aliiandika Bambarre. Alifika mwaka 1869, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza hapa kwa miezi. Njia ya Ujiji kwenda Nyangwe ilipita kwetu, na mji ulitekwa Januari 1894, vita ilipokuwa inamalizika. Kwa hapa hamhitaji safari: watumeni watoto kwa bibi na mzee wa jirani, na daftari, waulize nani alipanda mwembe huu na njia ya zamani ilipita wapi. Wazee wetu wanapungua kila msimu.

Kuhusu safari: miezi hii ya kiangazi barabara inapitika, pikipiki zinafika. Patana bei kabla ya kupanda. Nyangwe inataka kulala, kwa hiyo tafuteni mwenyeji mapema. Mkifika popote, salamu kwanza kwa chifu, halafu ndiyo kutembea. Vigae vya vyungu mkiviona chini viacheni vilipo, maana wataalamu huvisoma kwa mahali vilipolala. Watoto wasiingie Lualaba kuoga, mkondo wake ni mkali na mamba wapo. Na siku moja kabla ya kuondoka, ulizeni hali ya usalama kwa wanaotoka upande ule. Wakijibu kwa kusitasita, ahirisheni.

Wanaotaka kwenda Tongoni pamoja nasi waandikishe majina kwa mweka hazina wa kikundi chao kabla ya Jumapili. Kila mtoto aje na maji, kofia, daftari na kalamu. Sombe na wali tutapika pamoja.