Saratani ya Matiti: Wanaoongoza kwa Kuugua Sio Wanaoongoza kwa Kufa

Kaloleni, kama kwingine Kisumu, bado utasikia kwamba saratani ya matiti ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri. Anayesema hivyo ameangalia orodha moja tu, na ziko mbili.

Orodha ya kuugua inaongozwa na Australia na New Zealand: kwa makadirio ya mwaka 2022, kila wanawake 100,000 hutoa takriban wagonjwa wapya 100 kwa mwaka. Asia ya Kusini na Kati iko mkiani, karibu robo ya hapo. Hadi hapo Wazungu wanashinda.

Fungua orodha ya vifo. Kileleni wamekaa Melanesia, visiwa vya Pasifiki kama Fiji, na Afrika Magharibi haiko mbali. Shirika la Afya Duniani limelipima pengo lenyewe: katika nchi zilizoendelea zaidi, mwanamke 1 kati ya 12 atapata ugonjwa huu maishani, na 1 kati ya 71 utamuua. Katika nchi zilizo nyuma kabisa, anayeupata ni 1 kati ya 27, lakini unaua 1 kati ya 48. Wanaougua ni wachache, wanaozikwa ni wengi.

Kenya? Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya 6,799 na vifo 3,107. Hakuna saratani nyingine iliyowapata Wakenya wengi hivyo mwaka huo. Kwa kuua, ile ya shingo ya kizazi iliipita kidogo, vifo 3,211, na huku Nyanza, ambako virusi vya UKIMWI vimeenea, hilo halishangazi: mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI yuko kwenye hatari mara sita zaidi ya kupata saratani hiyo ya pili.

Kwa kasi ya kupanda, tazama ng'ambo ya ziwa. Sajili ya saratani ya Kampala, miongoni mwa kongwe zaidi Afrika, ilionyesha wagonjwa wa titi wakiongezeka maradufu, kutoka 11 kwa kila wanawake 100,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 22 mwaka 1995. Kuzaa watoto wachache, kuchelewa kuzaa na kunyonyesha muda mfupi vyote huongeza hatari. Sidiria haimo, uvumi huo ubaki sokoni Kibuye.

Rekodi ninayoionea wivu ni ya kushuka. Kati ya miaka ya 1980 na 2020, vifo katika nchi tajiri vilipungua kwa asilimia 40. Hawakugundua muujiza: uvimbe ulionekana mapema na tiba ikamalizwa. Sisi, kwa miaka mingi, mashine ya mionzi ya hospitali ya umma ilikuwa Kenyatta, Nairobi. Mgonjwa wa Kisumu alikata zaidi ya kilomita 300, akalipa nauli na malazi, akasubiri foleni. Wengine waliishia njiani, na ndipo vifo vyetu vinapotoka.

Kwa hiyo, dada na mama zangu: uvimbe kwenye titi, hata usiouma, chuchu iliyoingia ndani, ngozi iliyokunjamana, usisubiri mwezi uishe. Uvimbe mwingi si saratani, ila huwezi kujua kwa kuupapasa. Panda boda hadi Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, au kituo cha afya kilicho karibu, ukapimwe wiki hii.