Pambano la Amin na Inoki lilivyoota mbawa

UNAJUA nduli Idi Amin nusura apande ulingoni na Mjapani? Ni kweli kabisa. Januari 1979 ilitangazwa Japani kwamba mwanamieleka Antonio Inoki, mwanzilishi wa New Japan Pro-Wrestling, atazichapa na Amin jijini Kampala, Juni mwaka huo. Refa? Muhammad Ali, aliyetoka sare na Inoki mwaka 1976 baada ya raundi 15.

Amin hakuwa wa kubeza, aliwahi kuwa bingwa wa ngumi Uganda. Shida ni kwamba tayari alikuwa na pambano jingine. Oktoba 1978 majeshi yake yalivamia Kagera, na JWTZ ikaingia kumfurusha.

Machi 29, 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumwokoa Amin ililenga Mwanza. Ikakosa mji, makombora yakatua Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Wiki mbili hazikuisha: Aprili 11 Kampala ikaanguka, Amin akatoka nduki.

Juni ikafika bila kengele. Wakazi wa Kagera waliozika ndugu zao hawakuhitaji mieleka kujua nani kashindwa.