Mjakaranda na Wadudu Wake

1. Mti unaonata

Katika mji wa Lubumbashi mijakaranda ni mingi. Imepandwa kando ya barabara, na mbele ya nyumba za watu. Asili yake si Katanga. Mti huu ulitoka Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia. Lakini watu wa Lubumbashi huuhesabu kuwa mti wao. Kila mwaka kiangazi kinapokwisha, mwezi wa Septemba na wa Oktoba, mijakaranda huchanua maua ya rangi ya zambarau. Maua huanguka, na chini ya mti huwa kama pametandikwa mkeka.

Kamalondo ni moja ya komini 7 za Lubumbashi, nayo ni ya zamani. Nyumba zake zimesongamana. Mwenye mti mbele ya nyumba yake ana mali. Chini ya mti mama hupika, watoto husoma masomo yao, na wageni hupewa kiti.

Watoto, fikirini nyumba moja ya Kamalondo. Katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba hiyo, umesimama mjakaranda mmoja. Siku moja mama anaanua nguo, anaona zina madoa yanayonata. Kiti kilichokaa chini ya mti nacho kinanata. Majani ya mti yamekuwa meusi, kama yaliyopakwa masizi ya chungu.

Baba anasema: «Mti huu umekwisha. Kesho nitaukata, tupate makaa.»

Jirani anasema: «Usiukate, ndugu yangu. Nunua dawa kali, uimwage juu yake, wadudu wote wafe.»

Nkambo, mama yake baba, amekaa mlangoni. Anasema: «Mwanangu, kabla ya kukata na kabla ya kumwaga, tazama kwanza.»

«Ndiyo, mama,» baba anajibu, anaweka shoka chini.

Nkambo amesema kweli. Mganga hatoi dawa kabla ya kumtazama mgonjwa. Na mti ni vivyo hivyo.

2. Je, mti ni mgonjwa kweli?

Si kila jani linaloanguka ni dalili ya ugonjwa. Katika kiangazi majani ya mjakaranda huwa ya manjano na kuanguka. Ndiyo desturi yake. Baadaye maua hutokea, kisha majani mapya. Mtu asiyejua hukata mti ulio mzima, kumbe unajitayarisha kuchanua.

Lakini majani yakinata, au yakiwa meusi, au yakijikunja wakati wa mvua, basi wako wadudu. Wadudu wanaokula miti ni wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni watafunaji. Hawa wana meno ya kukata. Ndio panzi na viwavi. Ukiona majani yenye matundu au yaliyoliwa pembeni, watafunaji wamepita hapo. Tena si viwavi wote ni hasara. Watu wa Katanga hula viwavi wa porini wanaoitwa vinkubala, na sokoni huuzwa vikavu. Lakini kiwavi wa mti uliomwagiwa dawa asiliwe kamwe.

Namna ya pili ni wafyonzaji. Hawa hawana meno. Wana mdomo mwembamba kama sindano. Huuchoma katika jani au katika tawi changa, wakanywa maji ya mti. Vidukari ni wafyonzaji. Wako wengine wenye gamba mgongoni, wameshikamana na tawi kama vipele. Na wako wengine waliofunikwa na nta nyeupe, kama waliopakwa unga.

Maji ya mti yana sukari nyingi kuliko anayohitaji mdudu. Basi sukari inayozidi huitoa nyuma, tone kwa tone. Matone hayo huanguka juu ya majani, juu ya nguo na juu ya kiti. Ndiyo sababu vitu vinanata. Kisha ukungu mweusi huota juu ya utamu huo. Ukungu huo hauli jani, lakini hulifunika, na jani hukosa nuru ya jua. Jani lisilopata nuru haliwezi kuulisha mti.

3. Adui mwenye mkia mweupe

Adui mmoja mashuhuri wa mijakaranda katika Afrika ni mdudu mdogo sana. Wenye elimu humwita Orthezia. Naye asili yake ni Amerika. Jike lake ni dogo kuliko punje ya mchele. Mwili wake ni wa kijani kilichofifia, wenye mistari ya nta nyeupe. Nyuma huburuta mfuko mweupe kama mkia. Ndani ya mfuko huo ndimo hutunza mayai yake. Watoto wake wakitoka, hutambaa kwenye matawi machanga na kuanza kufyonza.

Mdudu mmoja hawezi kuudhuru mti mkubwa. Lakini wakiwa maelfu, tawi hukauka. Mwisho mti wote hudhoofika.

4. Walinzi wa adui

Tazameni shina la mti wenye wafyonzaji. Mara nyingi mtaona msafara wa sisimizi, wengine wakipanda, wengine wakishuka. Sisimizi hawali mti. Wanafuata yale matone matamu. Nao huwalinda wafyonzaji kama mchungaji anavyolinda ng'ombe wake kwa ajili ya maziwa. Mdudu mwingine akija kuwala wafyonzaji, sisimizi humwuma na kumfukuza.

Basi msafara wa sisimizi ni alama. Ukiufuata mpaka mwisho, utawakuta wafyonzaji.

5. Rafiki anayefanana na adui

Mti una rafiki pia. Rafiki mkubwa ni mdudu kibibi. Ni mdogo, wa mviringo, mgongo wake umebenuka kama nusu ya haragwe. Wengine ni wekundu wenye madoa meusi. Wengine ni weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa. Vibibi wa namna nyingi hula vidukari na wafyonzaji wengine.

Lakini hapa watu wengi hukosea. Kibibi hazaliwi mviringo. Akitoka katika yai huwa buu refu lenye miguu 6. Mabuu ya vibibi wengine hufunikwa na nta nyeupe, yakafanana kabisa na wafyonzaji wanaoliwa nayo. Mtu huyaona, husema: «Adui huyu!» na kuyaponda. Kumbe amemwua askari wake mwenyewe.

Namna ya kuwatambua ni hii. Mfyonzaji hukaa mahali pamoja, au hutembea polepole sana, kwa maana mdomo wake umo ndani ya mti. Buu la kibibi hutembea huku na huku likitafuta chakula. Basi ukimwona mdudu mweupe, mtazame kwa muda kabla ya kumgusa.

6. Safari ya kibibi mmoja

Yuko kibibi mmoja aliyesafiri mbali kwa ajili ya miti. Ni mweusi, mwenye madoa ya chungwa. Chakula chake ni Orthezia. Jike lake hutaga yai juu ya mwili wa Orthezia. Buu hutoka, huingia katika ule mfuko mweupe, na kuyala mayai yaliyomo.

Mwaka 1908 kibibi huyo alichukuliwa kutoka Meksiko mpaka visiwa vya Hawaii, akawapunguze Orthezia huko. Mwaka 1948 alifunguliwa katika nchi ya Kenya, ambako mdudu yule alikuwa akiidhuru mijakaranda. Hiyo si komini ya Kenya iliyo jirani na Kamalondo, bali ni nchi ya Kenya, mashariki mwa Afrika.

Kisha hatari kubwa ikatokea mbali zaidi. Katika bahari ya Atlantiki kiko kisiwa kidogo kiitwacho Saint Helena. Hapo huota mti ambao hauoti mahali pengine popote duniani. Orthezia akafika kisiwani, na miti hiyo ikaanza kufa. Kama ingekwisha hapo, ingekwisha duniani kote. Mwaka 1993 vibibi wakaletwa kutoka Kenya. Kwanza wataalamu waliwachungua, wahakikishe hawatakuwa hasara mpya kisiwani. Kisha wakawafungua. Baada ya muda mfupi Orthezia walipungua sana, na miti ikaokoka.

7. Dawa inayoua rafiki

Je, shauri la jirani ni baya? Yaliyotokea California, katika Marekani, yanajibu. Huko wafyonzaji weupe walikuwa wakiiua michungwa. Mwaka 1888 na 1889 vibibi waliletwa kutoka Australia, na kwa muda mfupi michungwa ikapona. Watu wakakaa kwa amani miaka mingi. Lakini katika miaka ya 1940 wenye mashamba walianza kumwaga dawa mpya iitwayo DDT. Dawa hiyo iliwaua vibibi. Wafyonzaji wakabaki bila mtu wa kuwazuia, wakaongezeka tena. Ikawalazimu watu kuacha dawa hiyo mashambani mwao na kurudisha vibibi. Leo DDT imekatazwa katika kilimo.

Tena mti wa lupango uko karibu na jiko, na maji ya kunywa, na watoto. Sumu inayomwagwa juu huanguka chini.

8. Kazi ya kufanya

Mwenye mti wenye wafyonzaji afanye hivi:

Kwanza, atazame chini ya majani na kwenye matawi machanga. Atambue nani adui, nani mlinzi, nani rafiki.

Pili, mtu mzima akate vijitawi vilivyojaa wadudu na kuvichoma mbali na nyumba. Kabla ya kuvichoma, vibibi waliomo warudishwe mtini.

Tatu, awazuie sisimizi. Azungushe kitambaa kwenye shina, akifunge vizuri, kisha akipake grisi. Grisi isipakwe juu ya ganda la mti lenyewe. Matawi yanayogusa ukuta au paa yakatwe, maana sisimizi watapita hapo kama darajani.

Nne, aoshe majani kwa maji ya sabuni. Akwangue sabuni ya kipande, kijiko kimoja kikubwa kwa lita 1 ya maji. Ajaribu kwanza kwenye majani machache, angoje siku mbili. Majani yasipoungua, aoshe mengine, hasa upande wa chini. Kazi hii ifanywe jioni, wakati jua limepoa, na irudiwe baada ya juma moja. Sabuni humwua mdudu aliyelowa tu; ikikauka haiui tena. Basi asiwalowanishe vibibi.

Tano, asimwage mafuta ya taa juu ya mti. Mafuta huunguza majani na kuudhuru mti.

Sita, awe na subira. Matawi ya juu yasiyofikiwa kwa mkono, awaachie vibibi. Wao wana mabawa.

Siku ile baba anainamisha tawi moja na kulitazama pamoja na watoto. Wanawaona sisimizi, wanawaona wafyonzaji weupe. Kisha mtoto mmoja anaonyesha kwa kidole: kati ya weupe hao, mmoja anatembea.

Nkambo anauliza: «Sasa, mwanangu, utaleta shoka?»

«Hapana, mama,» baba anasema. «Nitaleta sabuni na kitambaa. Na huyu anayetembea tutamwacha afanye kazi yake.»

MASWALI

1. Kwa nini nguo zilizoanikwa chini ya mti zilinata?
2. Watafunaji na wafyonzaji wana tofauti gani?
3. Sisimizi wanapata nini kwa wafyonzaji? Wanawapa nini?
4. Utamtambuaje buu la kibibi kati ya wadudu weupe?
5. Nini kilitokea California baada ya vibibi kufa?
6. Nenda kwenye mti ulio karibu na nyumba yenu. Tazama majani 10 chini na juu. Andika katika daftari wadudu uliowaona: nani adui, nani mlinzi, nani rafiki?