Gurudumu Linalohesabu

Mjini Ifakara, katika mkoa wa Morogoro, watu wengi husafiri kwa baiskeli. Katika bonde la mto Kilombero wakulima hulima mpunga. Je, wajua kwamba gurudumu la baiskeli laweza kupima shamba la mpunga? Kompyuta nayo husoma gurudumu kwa njia iyo hiyo.

Jaribio

Vifaa: baiskeli, kitambaa chekundu, kamba na rula.

1. Funga kitambaa kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele.
2. Zungusha kamba juu ya tairi mara moja, kisha pima urefu wake. Huo ndio mzingo wa gurudumu.
3. Sukuma baiskeli polepole kandokando ya uwanja. Kila kitambaa kinapofika chini, ongeza 1.
4. Ukirudi nyuma, toa 1 kwa kila mzunguko.
5. Zidisha jumla kwa mzingo.

Tuseme mzingo ni mita 2, na gurudumu limezunguka mara 35. Urefu ni mita 70. Ukisahau kuhesabu mizunguko 5, utapata mita 60 tu. Mkulima akikuamini, atatayarisha mbegu pungufu, na sehemu ya shamba lake itabaki tupu.

Gurudumu la kipanya

Kipanya ni chombo kidogo cha kuongozea kompyuta. Vipanya vingi vina gurudumu dogo katikati ya vitufe viwili. Ukilizungusha hatua moja kwa kidole, kipanya hupeleka habari kwenye kompyuta. Habari hiyo haisemi gurudumu limezunguka mara ngapi tangu mwanzo. Husema tu kwamba limesogea, na limesogea upande gani. Kwa hiyo hapana budi programu yenyewe itunze hesabu.

Programu huandikwa kwa lugha maalumu. Lugha moja ni BASIC, iliyotungwa Marekani mwaka 1964 na John Kemeny na Thomas Kurtz. Katika aina mpya ya BASIC iitwayo QB64, twaandika hivi:

DO WHILE _MOUSEINPUT
J = J + _MOUSEWHEEL
LOOP

Mstari wa kwanza na wa tatu huiamuru kompyuta irudie kazi maadamu kuna habari mpya za kipanya. Mstari wa pili huongeza hatua mpya kwenye jumla, yaani J. Gurudumu likivutwa kuelekea kwako, _MOUSEWHEEL huwa 1. Likisukumwa mbele, jumla hupungua kwa 1. Lisipoguswa, huwa 0.

Baada ya kusomwa, _MOUSEWHEEL hurudi kuwa 0. Hatua isiyoongezwa kwenye J hupotea, kama mzunguko wa baiskeli usiohesabiwa. Mpimaji na kompyuta wana sharti moja: kuhesabu kila hatua inapotokea.

Maswali

1. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 limezunguka mara 48. Limekwenda mita ngapi?
2. J ni 10. Gurudumu la kipanya likivutwa hatua 4, kisha likisukumwa mbele hatua 6, J itakuwa ngapi?
3. Kwa nini twaandika J = J + _MOUSEWHEEL, wala si J = _MOUSEWHEEL?