Gari Haliwaki Alfajiri? Pima Kwanza, Usinunue Betri kwa Kukisia

Wafanyabiashara wenzangu, hasa nyie mnaouza mtandaoni na kupeleka mzigo wenyewe, leo tuongee kuhusu gari. Mteja aliyeshalipia hajali picha yako ilikuwa nzuri kiasi gani kama mzigo haujafika.

Mimi nauza viazi mviringo kutoka Njombe. Oda napokea kwa WhatsApp, na wateja wangu wengi ni wakaanga chipsi wa Iringa mjini. Jioni wanalipia nusu, asubuhi wanataka viazi mlangoni. Nina kigari cha dizeli cha tani 3, cha zamani kidogo, na dereva ni kijana wa hapa hapa.

Mwaka jana mwezi wa saba, baridi ya Njombe mnaijua. Saa 10 alfajiri, gunia 24 ziko juu, dereva anapiga selfu. Injini inazunguka kwa uchovu, mara taka-taka-taka, kimya. Lilikuja kuwaka saa 3, jua limeshatoka. Tumefika Iringa saa 7 mchana, wateja wawili walishanunua viazi sokoni na wanataka hela yao.

Fundi wa kwanza akagusa kidogo akasema, "Betri zimekufa." Nikanunua mbili mpya, Sh 560,000. Wiki tatu baadaye, yale yale. Nikamwakia dereva: "Unaacha taa zinawaka usiku!" Akanijibu kwa upole, "Dada, taa nazima. Mimi naona ni zile taa zako." Sikumsikiliza. Nikamkata 50,000 kwenye mshahara.

Ndipo nikampata mzee mmoja, fundi umeme wa magari. Neno lake la kwanza: "Mwanangu, baridi inakuonyesha tu ugonjwa uliokuwepo." Akanieleza kwamba injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto, ndiyo inawasha mafuta. Alfajiri chuma cha injini kinanyonya lile joto, oili inakuwa nzito kuzungusha, na betri nayo inapoteza sehemu ya nguvu zake. Ndiyo maana gari lenye kasoro ndogo mchana linawaka vizuri, alfajiri linagoma.

Hatua ya kwanza: sikiliza na angalia moshi

1. Kimya kabisa: angalia fyuzi, swichi ya ufunguo, relei ya selfu, na vichwa vya betri kama vimelegea.
2. Taka-taka-taka, au inazunguka kwa uchovu: umeme haufiki wa kutosha. Ni betri, au waya zake, au selfu yenyewe.
3. Inazunguka kwa kasi, moshi mweupe unatoka, haliwaki: dizeli inafika, joto ndilo halitoshi. Nenda kwenye hita plagi, vile vijiti vinavyopasha joto kabla ya kuwasha, pamoja na fyuzi na relei yake.
4. Inazunguka kwa kasi, hakuna moshi wowote: dizeli haifiki. Angalia maji kwenye filta, hewa kwenye mipira ya mafuta, na koili ya kukata mafuta kwenye pampu kama inapata umeme.

Mzee akasema ukijua uko kwenye namba ipi, umeshaokoa nusu ya hela yako.

Hatua ya pili: pima

Mita ya kawaida ya umeme inatosha. Malori mengi kama langu yanatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo.

• Pima kila betri peke yake asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 imejaa. Ikisoma 12.0 au chini, iko karibu tupu.
• Pima tena mtu akipiga selfu. Kila betri isishuke chini ya volti 9.6 hivi.
• Selfu ikizunguka, weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ikizidi nusu volti, waya wa hasi una kutu au umelegea. Safisha na kaza kabla hujanunua chochote.
• Gari likishawaka, pima betri zote mbili kwa pamoja. Altaneta nzima inatoa volti 27.5 hadi 28.5 hivi.
• Hita plagi: fungua bati linaloziunganisha, pima moja moja. Isiyopitisha umeme kabisa imekufa.

Sasa sikia majibu ya gari langu. Betri moja 12.7, ya pili 11.6. Ukizipima pamoja unapata 24.3, unadhani mambo ni mazuri. Mzee akafuata waya kwa mkono, akatoka na waya mwekundu mwembamba. "Hii ya nani?"

Ilikuwa yangu. Usiku nilikuwa naenda live na viazi juu ya gari, nikamwambia kijana mmoja aniungie taa za volti 12. Akazichomeka kwenye betri moja tu. Kila usiku betri ile ilikuwa inanyonywa peke yake. Altaneta inachaji zote mbili kwa mkondo uleule, kwa hiyo iliyochoka haijai na mwenzake anachajiwa kupita kiasi. Dereva wangu alikuwa ameniambia ukweli.

Tulichaji betri dhaifu pembeni, tukabadilisha hita plagi moja iliyokufa, taa zangu zikahamia kwenye konvata ya kushusha volti 24 kuwa 12. Jumla haikufika hata robo ya hela ya zile betri. Zile za zamani nilishaziuza kwa skrepa, kwa hiyo sitajua kama kweli zilikuwa zimekufa.

Jioni ile nilimrudishia dereva 50,000 yake na nikamwomba samahani mbele ya wapakiaji, maana mbele yao ndipo nilipomfokea.

Usifanye haya

Usipulize dawa ya kuwashia ya kopo kwenye injini yenye hita plagi, inaweza kulipuka na kuvunja injini. Usiwashe moto chini ya gari. Usibusti gari la volti 24 kwa gari dogo la volti 12. Usibadilishe betri moja ya jozi ukaacha kuukuu. Na ukifungua betri, anza na hasi.

La mwisho ni la biashara. Siku hizi gari likigoma saa 10, saa 10 na robo mteja ana ujumbe wangu: tatizo ni hili, nitafika saa fulani, ukitaka hela yako narudisha sasa hivi. Wale wawili wa Iringa, mmoja amerudi. Mwingine bado.

Mtumie mwenzako mwenye gari la mzigo kabla baridi haijaanza.